Mahali Nilipomwambia Bado

Kwetu Bungoma, mtu akifia barabarani haachwi huko. Mwili ni kazi ya polisi na watu wa mochari. Lakini mwenyewe, yule aliyekuwa akicheka na kununa, wazee husema hubaki palepale roho ilipomtoka, asijue aelekee wapi. Basi wanaume wa ukoo huenda hadi pale, wakamwita kwa jina, wakavunja tawi la lusiola, ule mti wa maua ya manjano uliojaa kwenye mipaka ya mashamba yetu, na kurudi nalo mpaka nyumbani. Njiani hawasalimii mtu wala hawaitikii salamu, na hawageuki nyuma. Wakipanda gari humlipia nauli na kumwachia kiti chake. Ukifungua mdomo kumsemesha mtu mwingine, unayemleta atadhani umemsahau, atashuka.

Mimi ni mwanamke wa kanisa. Nina kitambaa cha chama cha akina mama na nafasi yangu kwenye benchi la pili, na mchungaji wetu akisikia habari za matawi hukunja uso kama aliyeng'ata limau. Sijawahi kubishana naye. Wala na wazee sijawahi kubishana. Ukiolewa kwenye boma la watu wenye kauli, unajifunza kuitikia pande zote mbili, na chakula kinalika.

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi. Tulipanga nyumba Matisi, pale Kitale, na yeye alizunguka huku na huku akiitwa na watu ambao posho mill zao zimegoma. Alirudi jioni na unga kwenye nyusi. Alikuwa mpole, ila alikuwa na tabia moja ya kuniudhi: hakunywa chai ya moto. Ungemwekea kikombe mbele yake, naye aanze kusimulia habari za Kachibora alikotoka kazini, nani kavuna nini na nani kagombana na nani, mpaka chai ifanye utando juu, ndipo aibugie kwa mara moja na kusema ni tamu. Tuligombana juu ya chai hiyo miaka yote ya ndoa. Nilimwambia heri angeuoa mto Nzoia, maji yake yamepoa tayari. Hatukujaliwa watoto, kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kutosha ya kugombania vitu vidogo.

Jioni moja, mwaka juzi, tuliondoka Kitale kwa pikapu yake kwenda Bungoma kumwona mama yake. Kabla ya kufika Misikhu kuna mizani ya kupimia miwa. Karibu na hapo trekta lilikuwa limeharibika katikati ya lami, trela lake limejaa miwa, bila taa, bila hata yale majani ambayo madereva huyatandaza barabarani kuonya wenzao. Sikumbuki kishindo. Nakumbuka harufu ya miwa iliyopondeka, na watu wengi wakisema kwa wakati mmoja.

Watu hao ndio waliotutoa. Gari la maziwa lililokuwa likirudi na mitungi mitupu likatubeba kutupeleka hospitali, upande wa Webuye. Tulilazwa nyuma chali, ubavu kwa ubavu, mitungi ikigongana vichwani mwetu. Mume wangu alikuwa hai. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa hai pale kwenye mizani, alikuwa hai tulipopita maduka ya Misikhu, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Nilikuwa nikitazama juu kwa sababu sikuweza kutazama kwingine. Niliona mikaratusi pande zote mbili za barabara, imeinamiana mpaka mbingu ikabaki ufito mwembamba. Niliona kiota kikubwa cha vijiti kwenye panda ya mti mmoja. Gari likapunguza mwendo, likaruka tuta, na yeye akafumbua macho.

"Tumefika?" aliniuliza.

"Bado," nikamwambia.

Baada ya hapo nilisikia maji yakipita chini ya daraja, na mkono wake ukawa mzito kwa namna nyingine. Nilijua. Nikaendelea kuushika, kisha nami nikapotea, na nilipozinduka nilikuwa wodini na vyuma mguuni.

Alizikwa nikiwa wodini. Simlaumu mtu, maiti hawezi kungoja mfupa wa mkewe uunge. Lakini niliporudi nyumbani na magongo yangu, hema lilikuwa limekwisha kung'olewa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na nywele za walionyoa kwa msiba zilikuwa zimeota tena. Watu walikuwa wamemaliza kulia. Nilifika kwenye kilio cha mume wangu kama mtu aliyefika sokoni jioni akakuta wachuuzi wamefunga. Waliokuja kunipa pole waliuliza habari za mguu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ni kweli, ila ya kubaki hawakutuambia nani anaijua. Nililia peke yangu, tena kwa kujificha, kwa sababu msiba wenyewe ulikuwa umekwisha na mimi nilionekana kama ninaurudisha nyuma.

Shemeji yangu mkubwa, kaka ya mume wangu, ndiye aliyeniambia nikiwa bado kitandani kwamba walimfuata. Walikwenda yeye na wazee, wakamwita, wakamleta. Nilimshukuru. Sikuuliza walikwenda kumwitia wapi. Na wao hawakuniuliza alifia wapi.

Niliirudisha nyumba ya Matisi kwa mwenyewe nikahamia kwenye nyumba aliyokuwa ameijenga Bungoma, ndani ya boma la mama yake. Njia ya kwenda kwangu inapita mbele ya baraza la mama mkwe. Yeye hukaa kwenye ngazi, miguu ameinyosha mbele, ungo wa maharagwe mapajani, na anayepita hana budi kuizunguka miguu ile. Nami niliizunguka kila siku, na gongo langu. Hakuwa mtu wa maneno, lakini tangu nirudi alinyamaza kabisa. Nilimwamkia, akaitikia, tukaishia hapo. Nilidhani ananihesabia kosa la kupona.

Mara moja tu aliniuliza kitu. Nilikuwa napita na ndoo ya maji, akasema bila kuinua uso, "Huwa anakujia?"

Nilielewa alichouliza. Aliyefuatwa akafika nyumbani huja ndotoni kuwasalimu walio wake. Nikamjibu, "Hapana, Mama."

"Hata mimi," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Maneno hayo yaliniuma kuliko vyuma. Mimi nilikuwa nimeshayazoea mausiku yangu matupu, nikidhani ni dawa za maumivu. Lakini mama yake naye? Mtu hafiki kwao akakosa kumsalimu mama yake.

Mwishoni mwa mwaka jana, wakati wa kuvuna, shemeji alinipigia simu. Yeye anafanya kazi katika ofisi ya serikali huko Kitale, na alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiandaa siku ya kuwakumbuka watu waliouawa au kuumizwa na ajali za barabarani. Aliniomba niende, familia ionekane. Sikutaka. Nikipita barabara ile hufumba macho kutoka Kamukuywa mpaka Webuye, na jirani yangu wa kiti hudhani mimi ni mlokole ninayeomba. Lakini mtu aliyekosa mazishi ya mumewe hawezi kuringia ukumbusho. Nilikwenda.

Shughuli ilikuwa kwenye uwanja wa kanisa moja mjini. Nje ya ua, mahindi yalikuwa yameanikwa kwenye turubai mpaka ukingo wa lami, na kila lori lililopita lilipuliza makapi yake hadi kwenye viti vyetu. Mahema yalikuwa meupe na ya bluu. Waendesha bodaboda walikuja wengi wamevaa jaketi za kung'aa, wengine wakitembea kwa kuchechemea kama mimi. Mchungaji aliomba, sheikh wa msikiti wa karibu na soko akaomba, kisha tukamngoja mgeni rasmi mpaka jua likatupata kichwani. Alipofika alituhutubia kuhusu kofia za pikipiki. Mimi nilikuwa nimeketi katikati ya watu waliokatika miguu na akina mama waliozika watoto, tukifundishwa kufunga kamba ya kofia chini ya kidevu. Tuliitikia vizuri, tukapiga makofi.

Kifo cha wengi harusi, husema watu, na siku hiyo niliona maana yake. Kila familia ilikuja kwa umoja wake, fulana zenye picha, chakula kwenye vikapu, watoto wakikimbizana. Walilia pamoja wakapanguzana pamoja. Niliwaonea wivu, na wivu wa msiba ni kitu cha aibu, huwezi hata kumwambia mchungaji. Jirani yangu alikuwa mama mmoja muuza mboga kutoka Kachibora, ambaye kijana wake aligongwa akivuka na mkokoteni. Alinigawia njugu. Alinieleza kwamba kijana huja ndotoni mara kwa mara, anakaa kwenye kigoda cha jikoni na kuulizia ugali, na yeye humwambia angoje maji yachemke. Alisimulia hayo akitabasamu. Kisha akaniuliza kama wangu huja. Nilijifanya sikumsikia kwa sababu ya vipaza sauti.

Halafu ukaja mpango wenyewe wa siku hiyo. Waendesha bodaboda walikuwa wamechota mawe mtoni, kila moja ukubwa wa mkate, wakayapaka chokaa. Kila familia iliitwa mbele, ikataja jina la mtu wao na mahali alipofia, ikapewa jiwe na kuliweka kwenye rundo la barabara yake: hapa barabara ya Kapenguria, pale ya Eldoret, kule ya Kachibora, na mwisho ile ya kwetu, ya Webuye. Kesho yake waendesha bodaboda wangeyabeba na kuyaweka kila jiwe mahali pake, ili dereva akipita ajue kwamba hapo palimwagika mtu. Niliupenda mpango huo. Ulikuwa mpango wa watu wa barabara.

Tulipoitwa, shemeji alinishika mkono tukaenda mbele. Akachukua kipaza sauti, akalitaja jina la mume wangu kwa heshima zote, akasema kwamba ndugu yake alianguka pale mizani ya miwa.

Nikasema, "Siyo pale."

Sikuwa nimepanga kusema. Mstari wa mbele walisikia, na mama aliyekuwa akiongoza shughuli akanitazama, jiwe mkononi. Shemeji alitabasamu lile tabasamu la ofisini, la kumwambia mtu arudi kesho, akalipokea jiwe na kuliweka kwenye rundo. Kisha akanipeleka nyuma ya hema, penye masanduku ya soda, akaniuliza nilikuwa na maana gani. Nilimweleza yote: gari la maziwa, mikaratusi, kiota, tuta, maji. Nilimweleza ndugu yake aliniuliza nini. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote maneno hayo, na niliyasikia yakitoka kama ya mtu mwingine.

Alitazama kama kuna aliyetusikia. Kisha akasema, "Shemeji, mizani ndio iko kwa ripoti ya polisi."

"Ripoti haikuwa kwa hiyo gari ya maziwa," nikamwambia. "Mimi ndio nilikuwa. Mlienda kumwita mahali hayuko."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mliniuliza?"

Aliangalia viatu vyake. Si mtu mbaya, na ndugu yake alimpenda, macho yalikuwa yamemwiva. Lakini aliona mbele yake wazee wa kukusanywa upya, ng'ombe au jogoo wa kutafutwa, watu wa kuambiwa kwamba kazi ile kubwa ilifanywa mahali siyo. Alisema mambo hayo yalikwisha. Alisema nisiwaaibishe. Nilipomwambia nitakwenda mwenyewe, alinikumbusha kwamba mimi ni mwanamke, na kumfuata mtu ni kazi ya wanaume.

"Hata siku hiyo nilikuwa mwanamke," nilimwambia, "na ni mimi nilimshika mkono."

Nilirudi mbele, nikamwomba yule mama kiongozi jiwe letu.  Aliliokota kwenye rundo akanitilia kwenye kiondo, na chokaa ikambaki viganjani.

Kutoka Kitale sikufumba macho. Nilikaa dirishani, kiondo miguuni, nikayatazama yote. Mizani ya miwa niliipita ikiwa imejaa matrekta, na kando yake hapakuwa na chochote, nyasi tu na mama anayechoma mahindi. Hapo ndipo wanaume wale walisimama na kumwita. Nilimfikiria akisikia jina lake likiitwa kwa mbali, nyuma ya mlima mdogo, na asijue ni yeye anayetafutwa. Sijui kama ninaamini haya. Nilijua tu kwamba wakati ule sikuwa na imani nyingine ya kushika.

Nilishuka baada ya maduka ya Misikhu nikaanza kutembea kando ya barabara, uso juu. Mahali pale nilipajua kwa mgongo, sikuwahi kupaona kwa miguu. Mtu anayetembea akitazama matawi hujikwaa, na mimi tena nina mguu mmoja wenye vyuma, kwa hiyo nilikwenda polepole sana, gongo mbele. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Niliyakuta matuta, lakini mikaratusi haikuinamiana. Upande mmoja ilikuwa imekatwa, labda kwa nguzo za umeme, vikabaki visiki vyekundu. Mbingu ilikuwa pana. Nilisimama pale nikaona kwamba hata mahali penyewe pameniacha, na hapo nililia, kwa sauti, magari yakipita.

Nilipochoka kulia nilifanya kitu ambacho mtu mzima hafanyi. Nilitandika leso kwenye nyasi za ukingoni, nikalala chali.

Bibi mmoja aliyebeba kuni alisimama juu yangu. Alitaka kujua kama nimeanguka. Nilimwambia napumzika. Akasema, "Hapa? Si utagongwa, mama," akaenda zake akigeuka nyuma mara kwa mara. Mimi nilibaki nikitazama, nikajivuta kidogo, nikatazama tena, nikajivuta tena kama mtoto anayejifunza kutambaa. Miti ya upande uliobaki ilianza kuinama juu ya macho yangu, jinsi ileile, kwa pembe ileile. Kisha nikakiona kiota. Kilikuwa kimebomoka nusu, vijiti vinaning'inia, lakini kilikuwa kwenye panda yake. Na nilipobana pumzi nilisikia maji.

Kusimama kulinichukua muda. Niliweka jiwe kando ya tuta, nikalishindilia kwa gongo lisije likabingirika. Kwenye ua wa shamba la jirani palikuwa na lusiola, nikavunja tawi. Maneno ambayo wazee husema sikuyajua, ni siri yao. Basi nilimwita tu. Kwa miaka yote nilimwita Fundi, kama wateja wake, jina lake halisi lilikuwa la mama yake na la kanisani. Siku hiyo nililitaja jina lake zima, mara ya kwanza tangu arusi, nikaona haya kama msichana. Nikamwambia ni mimi, nimechelewa, na wenzetu walipotea njia. Nikamwambia twende.

Kutoka hapo nilifunga mdomo.

Nilikuwa nimekaa Bungoma zaidi ya mwaka nikipitwa njiani na watu wanaonionea huruma kiasi cha kutoweza kunitazama. Jioni hiyo, kwa ukaidi wa dunia, kila mtu alinisalimia. Mwendesha bodaboda alinisalimia. Mwanamke wa chama chetu cha kanisa, ambaye hajawahi kufika kwangu hata na pakiti ya majani ya chai, alinikuta hapo kando ya barabara ya Webuye nikingoja gari, akanishika mkono, akaniuliza hali, mguu, shughuli ya Kitale ilikwendaje. Nilimtazama nikiwa na maneno yote kooni. Nilikuwa na njaa ya kuulizwa hivyo, Mungu anajua. Nikaangalia chini, naye akaniachia mkono. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba uchungu umeniingia kichwani.

Nilipanda proboksi, gari dogo la abiria, ya kwenda Bungoma, nikamkunjia dereva nauli ya watu wawili mkononi. Alizihesabu, akauliza, "Mama, mko wawili?" Niligonga kiti kilichokuwa kati yangu na mlango. Abiria mmoja aliyekuwa akiingia akataka kukaa hapo hapo, akauliza huyo wa pili ako wapi. Dereva aliliona tawi. Akazima redio.

"Wewe songa huko nyuma," alimwambia. "Hiyo siti iko na mtu."

Hakuna aliyesema neno tena. Walibanana nyuma na magunia yao, watu nisiowajua, wakamwachia mume wangu nafasi yote ile. Mlango ulipofungwa, dereva aliufunga taratibu, kama mtu anayejali vidole vya aliyekaa pale. Siwezi kueleza vizuri nilivyohisi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, kulikuwa na watu waliokuwa wakiomboleza pamoja nami, na sikuweza kuwashukuru.

Nilifika bomani jua likiwa juu ya migomba. Mama mkwe alikuwa kwenye ngazi yake, miguu mbele, ungo mapajani. Kwa desturi yangu humwamkia nikiwa bado langoni. Sikumwamkia. Aliinua uso kunitazama, nadhani ili anikemee, akaona tawi mkononi mwangu. Aliona pia jinsi nilivyokuwa nikitembea upande mmoja wa njia, kwa sababu upande wa pili haukuwa wangu.

 Aliivuta miguu yake. Akasimama, na yeye ni mtu anayesimama kwa taabu, akaubeba ungo, akakisukuma kigoda, akamfukuza kuku aliyekuwa katikati, akabana ukutani mgongo wake wote. Njia ikawa pana kuliko nilivyowahi kuiona. Tukapita.

Kaburi liko nyuma ya nyumba yangu, limesakafiwa kwa saruji. Nilichomeka tawi kwenye udongo wa upande wa kichwani. Mdomo ulikuwa umekauka hata nikaogopa hautafunguka.

"Tumefika," nikamwambia.

Nilikaa chini, mguu wenye vyuma nimeunyosha, nikalia bila kujificha. Baada ya muda nilisikia kandambili za mama mkwe. Alikuja na sinia, juu yake birika na vikombe vitatu. Tangu nirudi kutoka hospitali hatukuwa tumewahi kunywa chai pamoja. Aliketi karibu nami kwenye nyasi, akamimina, akanipa changu, akachukua chake, na cha tatu akakiweka kwenye ukingo wa saruji. Tulikunywa. Alikuwa akilia yeye pia, kimyakimya, kamasi zikimtoka, wala hakuzifuta.

Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlima Elgon, na kile kikombe cha tatu kilikuwa kikitoa mvuke. Nilinyoosha mkono nikifunike kwa kisahani, kisipoe. Mama mkwe akanishika mkono, akauzuia.

"Wacha," alisema. "Hakupenda ya moto."